Simu Moja, Darasa Zima: Mwongozo wa Kufundisha kwa Ubunifu kwa Kifaa Ulicho Nacho

Angusha mpira kutoka usawa wa kifua chako. Nusu sekunde hivi, umeshagonga sakafu. Ndani ya nusu sekunde hiyo imo sheria nzima ya fizikia, lakini hakuna jicho linaloweza kuiona, na mwalimu mwenye chaki peke yake hulazimika kuwaomba wanafunzi wamwamini. Sasa egemeza simu ya kawaida kwenye rundo la vitabu na urekodi video. Simu hiyo hupiga picha 30 kwa sekunde. Nusu sekunde ile imegeuka kuwa picha 15, na mwanafunzi anaweza kuzihesabu moja moja kwa kidole chake.

Huo ndio ubunifu ninaoutetea hapa. Slaidi zenye rangi na maandishi yanayoruka ni ubao ule ule uliopambwa. Mwanafunzi bado ameketi ananakili. Mambo hubadilika pale kifaa kinapomwezesha mwanafunzi kuona, kupima, kusikia au kutengeneza kitu ambacho bila kifaa hicho kisingewezekana, na pale kifaa kinapotoka mkononi mwa mwalimu kuingia mkononi mwake. Nimeandika nikidhani una simu janja moja na wanafunzi wengi. Ukiwa na vishikwambi kumi, hatua ni hizi hizi.

Hatua ya 1: Anza na makosa yao

Kabla ya kutafuta programu yoyote, chukua daftari za zoezi la mwisho. Soma majibu yaliyokosewa tu. Yapange kwa aina, nawe utaona kwamba makosa matatu au manne ndiyo yanayojirudia. Chagua moja, kisha ujiulize kwa nini wanakosea hapo. Je, jambo lenyewe linakwenda haraka mno? Linakwenda polepole mno? Ni dogo mno, au liko mbali? Au ni sauti, inayopotea mara tu inapotamkwa?

Kila sababu ina dawa yake. Kinachokimbia, video hukipunguza kasi. Kinachojikokota, kama mche unaogeukia mwanga, picha zinazopigwa kila baada ya dakika 10 hukiharakisha. Kilicho kidogo, kamera hukikuza. Kilichopotea hewani, kinasa sauti hukirudisha. Kilicho mbali, kama sayari na nyota, programu ya Stellarium hukileta darasani mchana kweupe, na kompyuta ikishakuwa nayo haihitaji intaneti.

Kama sababu haimo katika hizo, acha simu mfukoni. Mwanafunzi asiyejua jedwali la kuzidisha anahitaji mazoezi, na mwanafunzi ambaye hajasoma sura anahitaji kuisoma. Nalisema hili kwa uzito. Ripoti ya mwaka 2015 kuhusu wanafunzi na kompyuta ya OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, ilionyesha kwamba nchi zilizowekeza sana kwenye vifaa vya TEHAMA shuleni hazikupata maendeleo ya maana katika matokeo ya kusoma, hisabati na sayansi ya PISA, mtihani wake wa kimataifa wa wanafunzi wa miaka 15. Kifaa hakifundishi kwa kuwepo tu.

Hatua ya 2: Kagua ulicho nacho, kisha zima data

Simu janja ni kisanduku cha vyombo vya maabara. Ndani yake kuna kamera, kipaza sauti, saa sahihi, na vihisi vya mwendo. Nyingi zina pia kihisi cha sumaku na cha mwanga. Programu ya phyphox, iliyotengenezwa na wanafizikia wa Chuo Kikuu cha RWTH Aachen nchini Ujerumani na kutolewa mwaka 2016, ni ya bure na huonyesha vipimo vya vihisi hivyo kwa grafu. Ukiifungua, itakuonyesha pia ni majaribio gani simu yako haiwezi kuyafanya kwa kukosa kihisi. Fanya ukaguzi huo nyumbani, usiufanye mbele ya darasa.

Kwa sayansi na hisabati, tafuta pia maigizo ya PhET, yaani majaribio yanayoigizwa kwenye skrini. Mradi huo ulianzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwaka mmoja baada ya kupata Tuzo ya Nobel ya Fizikia, katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Maigizo yake mengi hupakuliwa na kuendeshwa bila intaneti, na baadhi yametafsiriwa kwa Kiswahili. GeoGebra ni ya jiometri na grafu. Kiwix hukuwezesha kubeba Wikipedia nzima kwenye kadi ya kumbukumbu. Kolibri hukusanya masomo na mazoezi kwenye kompyuta moja, na vifaa vingine vya darasani huyafungua kutoka hapo bila kutoka kwenda mtandaoni.

Ukishapakua, zima data na Wi-Fi kabisa, kisha fungua tena ulichopakua. Jaribio hili huchukua dakika moja, na ndilo ambalo walimu wengi hulisahau. Programu nyingi hudai zinafanya kazi bila mtandao, halafu zinaomba kuingia kwa akaunti pindi tu unaposimama mbele ya wanafunzi.

Kisha mambo madogo: chaji iliyojaa, nafasi ya kutosha (dakika moja ya video ya ubora mzuri inaweza kula megabaiti 100 au zaidi), na hali ya ndege, ili ujumbe wa familia yako usitokee ukutani katikati ya somo. Picha zako binafsi zihamishe au zifiche. Simu itashikwa na watoto wa watu.

Hatua ya 3: Omba ruhusa mapema

Uso na sauti ya mwanafunzi ni mali yake. Kabla ya kurekodi, fuata utaratibu wa shule yako wa kuwaomba wazazi au walezi ruhusa, na uwaeleze kwa maneno mepesi: kitakachorekodiwa ni nini, nani atakiona, kitafutwa lini. Kwa kawaida mimi hupanga kazi isiyohitaji sura kabisa. Mikono, mipira, karatasi na sauti zinatosha kwa karibu kila kitu kilichomo humu. Usipeleke kazi za wanafunzi kwenye mitandao ya kijamii, hata kama umefurahi nazo.

Jambo la pili la haki: usitoe kazi ya nyumbani inayohitaji kifaa. Atakayeshindwa kuifanya hatasema kwamba nyumbani hakuna simu. Atasema amesahau.

Hatua ya 4: Gawa kazi kabla ya kugawa simu

Simu moja kwa wanafunzi 50 ni vurugu, ila kama kila mmoja ana kazi. Tengeneza vikundi sita. Katika kila kikundi weka mrekodi, mpimaji, mwandishi, msemaji na mtunza saa; wanaobaki wasaidie kupima na kuhakiki. Hesabu ya kipindi cha dakika 40 inakuwa hivi: dakika 5 za kuanza, dakika 4 za simu kwa kila kikundi, yaani 24 kwa vikundi vyote, na dakika 11 za kujadili pamoja. Kikundi kisicho na simu kiwe na kazi ya karatasi inayotegemeana na ile ya simu: kuchora utabiri, kuandaa jedwali, kuandika mswada. Kazi ya karatasi ikiwa ya kujaza muda tu, wataigundua mara moja na kelele itaanza.

Badilisha majukumu kila somo, tena kwa orodha iliyoandikwa ukutani. Nimeliona mara nyingi: anayejiamini hunyakua simu, na msichana mwenye mwandiko mzuri hupewa kalamu mwaka mzima. Bila orodha, hali hiyo haibadiliki yenyewe.

Ukiwa na mwanafunzi asiyeona vizuri, washa kisoma skrini kilichomo ndani ya simu: TalkBack kwenye Android, VoiceOver kwenye iPhone. Mwanafunzi asiyesikia vizuri anahitaji video iwe na maandishi chini. Maandishi hayo yaandikwe na wanafunzi wenzake, maana kuyaandika ni zoezi zuri la ufupisho.

Hatua ya 5: Endesha somo. Mfano wa kwanza, mpira unaoanguka

Hili nalieleza kwa kirefu kwa sababu mpangilio wake unafaa kwa masomo mengine mengi: tabiri, rekodi, pima, linganisha.

Unahitaji mpira mdogo wenye uzito kiasi, kama wa tenisi, na ukuta wa rangi tofauti na mpira. Bandika ukutani karatasi ndefu uliyoipiga mistari kila sentimita 10, sifuri ikiwa juu, 130 chini. Fanyia nje au karibu na dirisha lenye mwanga mwingi. Sababu ni ya kiufundi: kwenye mwanga hafifu simu nyingi hupunguza idadi ya picha kwa sekunde bila kukuambia, na mpira huonekana kama mchirizi. Simu isimamishwe mita 2 hadi 3 kutoka ukutani, kwenye kimo cha katikati ya karatasi, ikitazama mbele bila kuinama. Ukiisogeza karibu zaidi, vipimo vya juu na vya chini vitapotoka, kwa kuwa kamera inavitazama kwa pembe.

Kabla ya kuangusha chochote, kila mwanafunzi achore kwenye karatasi yake mstari wa wima na nukta sita: mpira utakuwa wapi mwanzoni, na wapi baada ya kila sehemu ya kumi ya sekunde? Wengi watachora nukta zenye nafasi sawa. Usisahihishe. Usitabasamu hata kidogo. Utabiri ulioandikwa kwa mkono wake mwenyewe ndio utakaomfanya mwanafunzi ajali jibu, na ukiuharibu kwa kidokezo umeharibu somo.

Sasa kikundi kirekodi. Mpira uachiwe, usisukumwe, ukingo wake wa chini ukiwa kwenye sifuri, karibu kabisa na karatasi. Wafanye mara tatu na kuchagua iliyo safi. Kisha waisogeze video picha baada ya picha. Kwenye kompyuta, programu ya VLC husogeza picha moja kila unapobonyeza herufi E. Kwenye simu, tafuta kicheza video kinachokuruhusu kufanya hivyo. Picha tatu ni sehemu ya kumi ya sekunde. Kila baada ya picha tatu, mpimaji asome ukingo wa chini wa mpira uko kwenye mstari gani na mwandishi aandike.

Watapata namba zinazokaribia hizi: sentimita 5, 20, 44, 78, 122. Hazitakuwa sawa kabisa, kwa sababu ni vigumu kujua picha ipi ndiyo ya mwanzo wa kuanguka. Jambo hilo litaje wazi. Ni fursa ya kufundisha kosa la kipimo ukiwa na kosa lenyewe mkononi. Waambie sasa watoe: kutoka namba moja hadi nyingine mpira umesafiri kiasi gani? Itatokea karibu 5, 15, 24, 34, 44. Wagawanye kila moja kwa 5, wakikadiria namba kamili iliyo karibu. Kaa kimya usubiri mtu aseme kwa sauti: moja, tatu, tano, saba, tisa.

Namba witiri. Galileo, mwanasayansi wa Italia, alizipata katika karne ya 17 na kuzichapisha mwaka 1638. Yeye hakuwa na kamera, hivyo alipunguza kasi kwa njia nyingine: aliviringisha mpira kwenye ubao ulioinama na kupima muda kwa kupima uzito wa maji yaliyotiririka kutoka kwenye chombo. Wanafunzi wakishazipata namba hizo wenyewe ndipo uwasimulie habari zake, nao watamsikiliza kama mtu waliyefanya naye kazi moja.

Kama simu yako inarekodi mwendo wa polepole wa picha 240 kwa sekunde, nusu sekunde ile huwa na picha 120 hivi. Itumie kwa vitu vya kasi zaidi, kama tone la maji linapogonga beseni. Kwa mpira, picha 30 zinatosha, na hesabu yake ni nyepesi.

Mfano wa pili: kusoma kwa sauti na mchezo wa redio

Katika masomo ya lugha, kosa la kusoma hupotea papo hapo. Mwanafunzi hajawahi kujisikia anavyoruka nukta na mikato. Wape wawili wawili aya moja. Wa kwanza arekodi, kisha wote wawili wasikilize wakiwa na penseli, wakiweka alama kila mahali pumzi ilipokatika pasipostahili. Arekodi tena. Tofauti ya rekodi mbili ndiyo maendeleo, na anaisikia yeye mwenyewe.

Nilipoanza, nilifanya kosa la kuzicheza rekodi za kwanza mbele ya darasa zima. Wanafunzi wawili walikataa kusoma kwa sauti kwa wiki kadhaa, na walikuwa na haki. Tangu hapo rekodi ya kwanza husikilizwa na hao wawili tu, kisha inafutwa.

Wakishazoea, nenda kwenye mchezo wa redio wa dakika tatu. Redio haina picha, hivyo mwandishi analazimika kumwonyesha msikilizaji kila kitu kwa maneno na sauti: nani ameingia, tuko wapi, usiku au mchana. Hakuna zoezi la insha ninalolijua linalobana uandishi kiasi hicho. Sauti za mandhari zitoke kwa vitu vya darasani. Karatasi ikifinywafinywa karibu na simu huwa moto. Karatasi kubwa ngumu ikitikiswa huwa radi. Viganja vikipigwa juu ya mapaja huwa farasi. Simu iwe umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili pumzi ya herufi "p" na "b" isiigonge. Kuunganisha vipande, tumia Audacity kwenye kompyuta. Ni ya bure. Usipokuwa na kompyuta, rekodi tukio zima kwa mara moja bila kukata, kama walivyofanya watu wa redio ya moja kwa moja. Mazoezi ya kabla ya kurekodi yatakuwa mengi, na hilo ni jema.

Mfano wa tatu: katuni ya picha moja moja

Hii inafaa kwa mchakato wenye mpangilio: mzunguko wa maji, mapigo ya moyo, mgawanyiko wa seli. Kwa mgawanyiko wa seli, kata duara la karatasi na vipande vya uzi wa rangi mbili kuwa kromosomu. Laza simu juu ya rundo la vitabu, kamera ikitokeza nje na kutazama chini, kitabu kizito kikiikandamiza isitikisike. Sogeza uzi nusu sentimita, piga picha, sogeza tena. Kwa picha 6 kwa sekunde, filamu ya sekunde 15 inahitaji picha 90. Wanaopenda ulaini hutumia 12, lakini kwa darasa sioni faida ya kuongeza kazi maradufu. Programu ya Stop Motion Studio huunganisha picha, na toleo lake la bure linatosha.

Thamani yake imo katika makosa yanayoonekana. Mwanafunzi anaweza kukariri majina ya hatua za mitosisi kwa mpangilio sahihi bila kuelewa chochote. Lakini akishika uzi lazima aamue: sasa huu unakwenda wapi? Kikundi kimoja nilichokifundisha kilizivuta kromosomu pande mbili kabla hazijajirudufu, na seli zao mbili zikabaki na nusu ya uzi. Waliona wenyewe kwenye filamu kwamba hesabu haikutimia, wakarudi mwanzo bila mimi kusema neno. Kuanzia hapo nimeacha kuwapa mswada uliokamilika.

Hatua ya 6: Piga kura katikati ya somo

Mwaka 1991 Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alianza kukatisha mihadhara yake kwa maswali. Kila mwanafunzi hujibu peke yake, kisha hubishana na jirani, kisha hujibu tena. Njia hiyo inafaa kwa umri na somo lolote, na simu moja huirahisisha. Programu ya Plickers humpa kila mwanafunzi kadi ya karatasi yenye alama. Anaizungusha upande wa A, B, C au D, na mwalimu anapitisha kamera ya simu juu ya darasa. Majibu yote yanasomwa mara moja, na jirani hawezi kunakili kwa kuwa alama zinatofautiana kadi kwa kadi.

Waliopata wakiwa chini ya takribani asilimia 30, acha mjadala, fundisha upya. Wakiwa zaidi ya 70, eleza kifupi uendelee. Kati ya hapo ndipo penye utajiri: wape dakika mbili wabishane, wapige kura tena. Usitaje jibu sahihi kati ya kura mbili.

Ugumu uko kwenye kutunga swali. Majibu yasiyo sahihi yachukue kutoka daftari ulizozisoma kwenye Hatua ya 1. Swali langu ninalolipenda ni hili: mbegu ndogo imekuwa mti mkubwa, uzito mwingi wa kuni zake kavu umetoka wapi? A, udongo. B, hewa. C, mbolea. D, mwanga wa jua. Darasa likishasoma usanisinuru wiki iliyopita na kuandika mlinganyo wake bila kosa, bado wengi huchagua udongo. Kaboni ya kwenye kuni ilitoka kwenye kabonidayoksaidi ya hewani, lakini kulisema hilo kwa mdomo wako hakuna nguvu kama kumsikia mwanafunzi akimwambia jirani yake.

Hatua ya 7: Akili mnemba iwe ya kusahihishwa

Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, swali la walimu limekuwa jinsi ya kuwazuia wanafunzi wasiitumie. Mimi naiingiza darasani kwa mlango mwingine. Programu hizi huandika kwa ufasaha na kwa kujiamini, na pia hukosea kwa kujiamini. Basi nyumbani mwambie ikuandikie aya mbili kuhusu mada ya wiki, zenye makosa matatu ya maelezo yaliyofichwa vizuri. Hakiki mwenyewe kwanza, maana inaweza kuongeza kosa la nne ambalo hukuliomba. Chapisha au andika ubaoni. Kikundi kitafute makosa, na kila kosa lithibitishwe kwa ukurasa wa kitabu cha kiada. Anayesema "hapa si kweli" bila ukurasa hajamaliza kazi.

Kwenye somo la Kiswahili jambo hili lina faida ya pekee. Ukiiomba hadithi ndefu, angalia upatanisho wa kisarufi na maneno yaliyotafsiriwa kisisisi kutoka Kiingereza. Utapata sentensi za kutosha kwa zoezi la ngeli, na wanafunzi hufurahia kuwa wao ndio wanaoijua lugha kuliko mashine.

Usiandike humo jina la mwanafunzi, alama zake wala habari za familia yake. Soma pia masharti ya umri. ChatGPT, kwa mfano, haikusudiwi kwa watoto wa chini ya miaka 13. Kwa wadogo, itumie mwalimu, wao wapewe karatasi.

Hatua ya 8: Ondoa kifaa, uliza tena

Usitoe alama kwa uzuri wa video. Ukifanya hivyo, wiki ijayo watatumia kipindi kizima kuchagua muziki. Mambo matatu yanatosha kupima: maelezo ni sahihi, ushahidi umeonyeshwa, na kila mwanakikundi anaweza kueleza sehemu aliyoifanya mwingine. Hili la mwisho lipime kwa mdomo, kwa kumchagua mtu bila kutangaza.

Baada ya siku nne au tano, simu ikiwa haipo, rudisha kosa lile la Hatua ya 1 kwa sura mpya, kwenye karatasi. Linganisha na daftari za mwanzo. Kosa likiwa limebaki pale pale, somo lilikuwa burudani, nawe utahitaji kulipanga upya. Halafu ongeza mistari michache kwenye andalio la somo: dakika ngapi zilipotea kwa matatizo ya kifaa, kikundi gani kilikwama, na ni swali gani waliuliza ambalo hukulipanga.

Mimi kwenye andalio la mpira unaoanguka niliandika swali la mvulana wa mstari wa nyuma: je, karatasi nayo ingetoa namba witiri? Kipindi kilichofuata tulikunja karatasi nyembamba mfano wa kikombe kipana, tukaiachia kutoka juu ya mlango na kuhesabu picha. Nafasi zilianza kuongezeka, moja, mbili, tatu, kisha zikaacha kuongezeka, zikawa sawasawa hadi chini. Mvulana akatoa karatasi yake ya utabiri ya wiki iliyopita, ile ya nukta zenye nafasi sawa, akaiweka kando ya simu.